Chaki

Sanduku la posta kwenye kona ya mtaa wetu
lilikuwa la buluu, lenye kutu miguuni,
na asubuhi ile ya Oktoba, nilipotumbukiza barua ya mama, Ohio,
glavu yangu nyeusi ilitoka na unga mweupe.
Mstari wa chaki. Wa mshazari. Urefu wa kiganja.
Watoto, nikasema. Watoto wa siku hizi.

Bwana Tolliver alikuwa akishuka na mkoba wake,
mtu aliyepiga pasi hata kamba za viatu.
Nikamwonyesha. Akaona haya kama aliyekutwa na tongo machoni,
akatoa leso, akaitemea mate kidogo, akafuta,
akarudia, mpaka buluu ikang'aa.
"Mali ya serikali, Bibi Rausch," alisema,
nami nikapanda basi kwenda kazini,
ambako pia kila kitu kilikuwa mali ya serikali,
pamoja na ulimi wangu.

Nilikuwa mpiga chapa. Maneno themanini kwa dakika.
Ukutani kwetu walitundika historia:
kijana wa vita vya uhuru na kitanzi shingoni,
wanawake walioshona barua kwenye pindo za magauni
wakapita nazo katikati ya ndugu waliokuwa wakiuana,
njiwa aliyerudi na bawa moja zima.
Kila picha na taa yake ndogo.
Nikipita na trei ya kahawa niliwaamkia kimoyomoyo,
hasa njiwa.

Meza ya tatu kutoka dirishani alikaa Lyle Vandermeer,
aliyeniletea nyanya za bustanini kwake,
aliyejua jina la paka wangu.
Kilichokuwa kikitutafuna kilikuwa nguoni mwetu,
kimefunga tai ya kijani,
nasi tukila nyanya zake kwa chumvi.

Ripoti niliichapa mwenyewe, nakala nne, kwa kaboni:
Mhusika aliacha kifurushi chini ya daraja la mbao.
Mhusika alichora alama kwenye sanduku la posta, kona ya
na hapo vidole vyangu vikasimama.
Ilikuwa kona yangu.

Mrusi alipita kwa gari mara tatu, hakuona alama,
akaenda zake kulala.
Kifurushi kikalowa usiku wa kwanza, kikalowa wa pili.
Siku ya tatu mbwa wa mwalimu mstaafu
akakivuta matopeni, akidhani ni nyama.

Sababu ya alama kutoonekana: haijulikani.
Ndivyo nilivyosomewa, ndivyo nilivyochapa.
Neno hilo la mwisho nililipiga herufi kwa herufi,
kama mtu anayeshuka ngazi gizani.

Waliovishwa nishani walikuwa sita.
"Uchunguzi wa kina," mkuu alisema, tukapiga makofi.
Lyle alifungwa maisha. Nyanya zake, nasikia,
ziliendelea kuzaa mpaka theluji ya kwanza,
na hakuna aliyezichuma.
Sikujua nimshukuru nani,
wala nimwombe nani radhi.
Nilikuwa nimekula kiapo, na kiapo hakina mlango wa uani.

Miaka kumi na tisa zaidi Bwana Tolliver aliniletea barua.
Wakati wa joto nilimpa maji ya limau.
Alikunywa amesimama, akarudisha glasi
bila alama ya kidole.

Jumamosi iliyopita tumemzika.
Binti yake, Odessa, akaniuliza tulivyojuana.
Siri ikapanda, ikafika kwenye meno,
ikayakuta yamefungwa.
"Alikuwa mtu safi," nikasema.
Akacheka huku analia: "Leso zake! Tumekuta arobaini kabatini.
Chukua moja, mama."

Ninayo. Imekunjwa pembe kwa pembe.

Jana nilikwenda pale konani.
Sanduku walishaling'oa, siku hizi nani anaandika barua,
yamebaki matundu manne ya skrubu kwenye saruji,
yamejaa vumbi na jani moja.
Nikainama, kwa magoti haya,
nikayapangusa.